Surua ya Pilipili

Nianze na ujinga wenyewe, usije ukausubiri bure: nilijipaka pilipili usoni. Si kwa bahati mbaya. Si kwamba nilijisahau nikafikicha jicho kwa mkono mchafu, kama wanavyofanya watoto wenye akili timamu. Alfajiri nilifunua chungu cha viungo vya mama, nikachota kwa viganja viwili, nikajipaka paji la uso, mashavu, shingo na kifua, taratibu kabisa, kama bibi harusi anayepakwa liwa. Nilikuwa darasa la pili. Sababu nilikuwa nayo, tena mpaka leo naiona ilikuwa ya maana. Dawa niliyoichagua ndiyo ilikuwa ya mwendawazimu.

Juzi Jumamosi, nyuma ya uzio wa shule, jamaa mmoja aliwasha mkaa akapanga mishikaki. Bweni zima likajazana madirishani kama mbwa wa buchani. Mimi nikajikuta nimeufunika uso kwa mikono miwili. Wenzangu wakacheka, mmoja akauliza kama nimeokoka. Ilikuwa harufu ya karafuu ikiungua pamoja na pilipili mbuzi, na harufu hiyo kwako wewe ni chakula. Kwangu ni chumba chenye giza, mlango umerudishwa, mimi nimelala chali kama maiti anayengoja wachimba kaburi, uso unawaka moto na nimekatazwa kunawa.

Tulikaa Bigwa, pale mji unapoishiwa pumzi na mlima unaanza. Baba alikuwa mtu wa kiwandani mpaka kiwanda kilipouzwa. Watu walisema amepunguzwa, nami nilimkagua siku nzima nisione alipopunguzwa, maana urefu wake ulikuwa uleule. Akaenda Ngerengere kutafuta vibarua vya ujenzi, akawa anarudi mwisho wa mwezi na vumbi kwenye nyusi. Wakati ule kila kitu kilikuwa ruksa. Aliyekuwa mwalimu akauza mitumba, aliyekuwa karani akafuga kuku, na mama yangu, ambaye hakuwahi kuajiriwa na mtu, akampata fundi wa kuchomelea, akamkatia pipa katikati, akaliweka mbele ya nyumba na kuanza kuchoma nyama.

Sasa, nyama ya mama haikuwa hii mnayoijua, chumvi na ndimu halafu maneno mengi ya muuzaji. Mama alitwanga pilipili mbuzi na pilipili kichaa pamoja na tangawizi na vitunguu swaumu, akatia karafuu, mdalasini na pilipili manga kutoka upande wa Matombo, akakamulia ndimu mpaka mchanganyiko ukawa mzito kama udongo wa kukandikia nyumba. Akimaliza, alichovya mikono kwenye bakuli la maziwa ya mgando, akakaa hivyo mpaka iache kuwaka, kama mtu anayesali. Nyama ililala humo usiku kucha. Kesho yake aliichoma kwa moto mdogo, na juu ya mkaa akatupa vijiti vibichi vya mpera ili moshi uwe mwingi. Wateja wa kwanza walimcheka. Walisema mdalasini, karafuu na tangawizi ni mambo ya chai, wakaiita nyama ya chai, wakauliza kama inakuja na kitumbua. Walicheka huku wakijifuta kamasi, halafu wakaagiza nyingine.

Umaarufu wa nyama ya chai ulimfikia bwana mmoja aliyekuwa anajenga baa chini barabarani. Baa yenyewe ilikuwa habari kubwa: ilikuwa na runinga, na mtaa mzima haukuwa na nyingine. Bwana yule alimwambia mama kwamba Jumamosi ya ufunguzi achome yeye, na kama watu watapenda, jiko la baa litakuwa lake moja kwa moja, lenye bati juu na meza mbele, asisumbuliwe tena na mvua. Mama alirudi akiwa anatembea haraka kuliko kawaida yake. Hakuimba wala nini, si mtu wa kuimba. Aliosha tu sufuria ambazo zilikuwa tayari safi.

Alhamisi akateremka mjomba.

Hapa lazima niwaeleze ninyi mnaofuata ukoo wa baba. Kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, na mwenye sauti juu yako ni mjomba. Baba ni mgeni mwenye heshima anayelala chumba kikubwa. Mjomba wangu huyu ni kaka mkubwa wa mama, na babu alipofariki ndiye aliyemlea. Alikaa Mgeta juu, alilima kabichi na karoti kwenye miteremko ambayo ukijikwaa unaamkia kwa jirani, na alishuka na malori ya mboga yanayokwenda Dar. Kila aliposhuka alituachia kitu, na kila alipopanda aliondoka na kitu. Mimi niliyaona hayo na kuyaweka moyoni. Alileta gunia la viazi, akaondoka na baiskeli ya baba. Alileta kabichi, akaondoka na redio. Leo najua baiskeli aliazimwa na redio aliipeleka kwa fundi. Mtoto wa darasa la pili hajui hayo. Mtoto wa darasa la pili anajua kwamba mjomba anashusha na mjomba anapakia.

Alhamisi ile alishusha mbuzi wawili.

Nikamwamkia, akaitikia, "Marahaba mjomba," kisha akanishika mkono wa juu akauminyaminya, vilevile nilivyomwona mchana ule akimminyaminya mbuzi. Akasema kumbe nimeshakua. Walikaa jikoni na mama, mimi nikiwa nyuma ya mlango, mahali nilipopata elimu yangu kubwa. Mjomba alisema shemeji hana kazi ya kueleweka, heri mdomo mmoja upungue. Alisema mashamba ya ukoo yanataka mrithi anayeyajua kwa miguu yake, si kwa kuhadithiwa, na yeye Mungu amempa mabinti watupu wadogo. Lori linarudi Mgeta Jumapili. Nitaondoka nalo, nitasoma shule ya kule.

Nilingoja mama akatae. Mama yangu aliyewahi kumfukuza mgambo wa soko kwa koleo la mkaa. Nilisikia kisu kikikata kitunguu, kikasimama, kikaendelea.

"Sawa, kaka," akasema.

Basi nikaelewa biashara yote. Mbuzi wawili. Nilitoka nje nikawaangalia. Mmoja alikuwa na pembe iliyovunjika, na nakiri kwamba jambo hilo liliniuma kuliko yote, kubadilishwa na mbuzi mbovu.

Usiku sikulala, nilikuwa natafuta njia. Kukimbia? Nitakimbilia wapi, nyuma ni mlima na huko ndiko anakotoka yeye. Kulia nilishalia, mjomba akanipa ndizi. Ndipo nikamkumbuka mwenzangu wa darasani aliyeugua surua. Alifungiwa ndani, uso mwekundu, macho yamevimba, na hata shangazi yake aliyekuja kutoka mbali alirudishiwa mlangoni. Mwenye surua haendi popote. Mwenye surua hapakiwi kwenye lori. Na kule kwa mjomba kuna watoto wadogo, hawezi kuwapelekea ugonjwa. Mpango ulinyooka kama rula. Ulikosa uso mwekundu tu, na chungu cha viungo kilikuwa jikoni, hatua tano kutoka kitandani kwangu.

Sekunde chache za kwanza hakuna kitu. Nikafikiri haitoshi, nikaongeza. Kisha ikaja. Rafiki yangu, usinione nacheka sasa. Ilianzia shingoni ikapanda, kama mtu ananichuna ngozi kwa kijiko cha moto. Nilijifuta kwa kanga ya mama, nikaisambaza pilipili hadi kwenye kope. Nilipopiga yowe sikuwa naigiza. Hapo ndipo ninapojisifu kidogo: ugonjwa ulikuwa wa uongo, lakini maumivu yalikuwa halali kabisa.

Mama alikuja wa kwanza. Akaninyanyulia uso kwa kidevu, akausogeza karibu sana na wake, pua yake ikakaribia kugusa shavu langu. Nilifungua jicho moja kidogo nikaona machozi yamemlenga. Nikajua ananihurumia, nikaongeza mlio. Mjomba alikuwa ameshafika mlangoni, shuka begani, akauliza kuna nini.

Mama aligeuka akanisimamia mbele, nikabaki nyuma ya mgongo wake. "Surua, kaka," akasema. "Usiingie. Una watoto."

Ushindi wangu ulidumu mpaka jua lilipotoka, akaja Bibi Mwanahawa. Huyu alikuwa jirani yetu, mwanamke wa makamo mengi, na katika mambo ya surua mtaa mzima ulimwachia yeye. Hakuingia sana, alisimama kizingitini, akanitazama katika giza, akatoa hukumu. Dirisha lifungwe, upepo ni adui. Chumvi asipewe. Maji yasiguse ngozi siku saba, kunawa uso ndiyo usiseme. Na moto wa nyama usiwashwe, si hapa nyumbani tu, hata mama mwenyewe asiende kusimama kwenye moshi wa mafuta halafu akarudi kumshika mtoto. "Surua ikinusa mafuta inarudi ndani, Adela," alimwambia mama. "Na ikirudi ndani haitoki tena, ila na roho."

Mimi chini ya shuka sikusikia habari ya nyama. Nilisikia maji. Siku saba. Nilikuwa na moto wa mdalasini hadi ndani ya masikio, na mtungi wa maji baridi uko sebuleni, nasikia watu wanachota. Dirisha likafungwa, mwanga ukabaki mmoja mwembamba unaopita kwenye ufa wa ubao. Mlango ukarudishwa. Na nje ya mlango, barazani, mjomba akatandika mkeka wake akakaa, kwa sababu lori lake ni la Jumapili na hakuwa na pengine pa kwenda. Nikitoka, mjomba. Nikipona, mjomba. Nikisema kweli, mjomba. Nilikuwa nimejenga boma zuri sana, nikasahau kuweka mlango.

Kitu kimoja tu kiliniokoa. Kila baada ya muda mama aliingia na kitambaa na bakuli la maziwa ya mgando, akanipangusa uso polepole, shingo, kifua, mpaka moto ukashuka. Nilimwuliza kwa sauti ya mgonjwa kama Bibi hajakataza. Akasema Bibi amekataza maji, na maziwa si maji. Sikujiuliza kitu kingine. Nilijiona nina bahati ya kuwa na mama anayeijua sheria.

Mchana wa Ijumaa nilimsikia kijana wa baa akiuliza nyama itakuwa tayari saa ngapi. Mama alitoka nje kuongea naye. Kijana alirudi nyuma hatua kadhaa, nilizisikia, akasema atamwambia mzee. Jioni akaja tena, safari hii akisemea barabarani: mzee anampa pole mama, mgonjwa apone, lakini ufunguzi hausogei na watu hawawezi kulishwa na nyumba yenye surua. Amepatikana mchomaji mwingine kutoka Dodoma. Mama akasema ahsante. Nyama aliiongelea dakika mbili, halafu akarudi ndani akachukua bakuli lake la maziwa.

Jumamosi asubuhi niliweka jicho kwenye ufa wa dirisha, nikamwona mjomba akiwafungua mbuzi wote wawili na kuteremka nao kuelekea baa. Nilishangilia chini ya shuka mpaka nikajiuma ulimi. Bei yangu ilikuwa imerudishwa. Biashara imevunjika, mimi ni wa hapa.

Halafu nikamsikia Bibi Mwanahawa uani, akimpa mama pole kwa mbuzi wake.

Mbuzi wake. Nililala pale nikisikiliza, na kadiri walivyoongea ndivyo lile shuka lilivyokuwa zito. Mbuzi walikuwa wa mama. Kaka yake aliwaleta kama mtaji, aanze nao kwenye jiko la baa asionekane ombaomba. Sasa hawezi kuwachinja nyumbani wala kuwalisha, basi kaka anawapeleka kwa yule yule mchomaji wa Dodoma, wasikonde bure. Bibi alisema riziki ni ya Mungu, jiko lingine litapatikana. Mama akajibu kwamba ndiyo, litapatikana, kwa sauti ileile aliyosema nayo "sawa, kaka".

Kwa hiyo hakuna aliyenibadilisha na mbuzi yeyote. Mimi ndiye niliyeliuza jiko la baa la mama yangu, kwa viganja viwili vya pilipili.

Jioni ile walifungua. Tulisikia kila kitu: muziki, makofi, kelele za watu runinga ilipowashwa. Moshi wa nyama ukapanda mlimani mpaka kwetu, ukaingia kupitia ule ufa wangu. Ilikuwa nyama ya chumvi na ndimu. Hata mimi mtoto niliijua ni ya kawaida. Mama alikuwa amekaa pembeni ya kitanda changu kwenye kigoda, mikono mapajani, mikono isiyo na kazi, kitu ambacho sikuwahi kukiona. Barazani mjomba alikohoa.

Sikuweza tena. Uso ulikuwa umeshapoa, ila ndani ya kifua ndiko kulikokuwa kunawaka, na pale maziwa hayafiki. Nikakaa. Nikasema, "Mama, mimi si mgonj—"

Kiganja chake kilikuwa mdomoni kwangu kabla sijamaliza. Hakikuwa kiganja cha kofi. Kilinifunga mdomo na pua kwa pamoja, na juu yake nikaona macho yake, yametulia, yananitazama bila kupepesa.

"Mgonjwa haongei," akasema, kwa sauti ya kufika barazani. "Lala."

Nikalala. Nilidhani na hiyo ni sheria ya Bibi Mwanahawa. Nilidhani nimehukumiwa kukaa na siri ile mpaka siku saba ziishe, labda mpaka nioe.

Mkitaka kujua, baa ile ipo mpaka leo, na mchomaji wa Dodoma sasa ana vijana watatu chini yake. Mama bado anachomea nusu pipa mbele ya nyumba, mvua ikija anafunika na bati na kukimbilia ndani, na wateja wa nyama ya chai wanamfuata huko huko Bigwa. Ada yangu ya shule inatoka humo. Mjomba alirudi kunichukua likizo mbili baadaye, lakini wakati huo baba alikuwa amepata kazi ya kudumu, na mabinti wawili wa mjomba walikuwa wameshazijua njia zote za shamba kuliko ambavyo mimi ningezijua. Kule naenda kutembea, nakula matunda yao na kurudi. Mjomba ananiuliza kila mara kama surua ile haikuniachia udhaifu.

Jumapili ile lori lilipiga honi barabarani kabla ya misa ya kwanza. Mjomba alisimama upande wa pili wa mlango, hakuufungua, akasema, "Mjomba, upone. Mungu akipenda tutaonana." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesikitika kweli, na mimi nikaona aibu ambayo sikuitegemea. Mama akamsindikiza. Nilihesabu nyayo zao mpaka zikaisha. Lori likanguruma, likaanza kuupanda mlima kwa gia ya kwanza, likawa dogo, likawa halisikiki.

Mama alirudi. Alilifungua dirisha lote, mbao mbili kwa mpigo, mwanga ukanipiga usoni nikaficha macho. Akaweka beseni la maji baridi sakafuni mbele yangu. Nilimtazama kuona kama amesahau sheria. Akasimama mkono kiunoni, akiangalia nje kule mlima ulikolimeza lori, na hivi ndivyo alivyosema, sikuongeza wala sikupunguza:

"Nilijua tangu Ijumaa alfajiri. Kaka yangu amenilea, mimi siwezi kumkatalia, surua inaweza. Ila siku nyingine ukitaka kuugua, niambie kwanza, nisiwe nimeshawaahidi watu nyama."